Nusu Yake ya 2541397

Jumatatu, 4 Machi
Mvua imeanza mchana tukiwa darasani, siku ya kwanza ya muhula. Viatu vyangu viko chini ya kitanda, vinachuruzika. Kaka hayupo. Nimeiandika sentensi hiyo peke yake nione inavyoonekana kwenye karatasi. Inaonekana fupi kuliko ilivyo.

Jumanne, 5 Machi
Afadhali nieleze tangu mwanzo. Mwalimu wetu wa hesabu husema asiyeonyesha njia hapati alama hata jibu lake likiwa sahihi.

Baba ni fundi cherehani. Chumba cha mbele cha nyumba yetu ndiyo karakana: meza ya kukatia, cherehani, pasi, nguo za watu zimening'inia ukutani kama watu wanaosubiri zamu. Kati ya karakana na chumba tunacholia chakula kuna pazia. Kwenye chuma cha cherehani, chini ya mkono wake, imegongwa namba 2541397. Mimi nimekulia mbele ya namba hiyo na sikuwahi kuisoma. Kaka aliisoma mwezi wa kwanza, alipokuwa akiipaka mashine mafuta. Aliniita akaniuliza kama ni namba tasa, yaani isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Nilisema sijui. Alisema naye hajui, na inawezekana kabisa hakuna mtu yeyote duniani anayejua, maana nani angejisumbua? Tulitazamana. Tulijisumbua kuanzia jioni ile.

Njia ni rahisi ila ni ndefu. Unaigawa namba kwa kila namba tasa, moja baada ya nyingine, mpaka ufike 1583, tasa ya mwisho ambayo ikizidishwa kwa yenyewe haivuki namba yetu. Ukivuka hapo hujapata kitu, basi ni tasa, kwa sababu kigawo kikubwa lazima kiwe na mwenzake mdogo, na wadogo wote utakuwa umeshawapitia. Zile za mwanzo, mpaka kumi na tatu, tulizifanya pamoja. Zilizobaki tuligawana: zinazoishia na 1 na 9 zangu, zinazoishia na 3 na 7 zake. Masharti yalikuwa mawili. Hakuna kutumia kikokotoo. Na hakuna anayegusa nusu ya mwenzake.

Tulifanyia hesabu kwenye meza ya kukatia, kwa chaki ya kushonea. Baba alilalamika kwamba tutawachafulia wateja. Kweli kuna bwana mmoja aliondoka na koti lake jipya likiwa na 61 mgongoni, na hatukumwita.

Alhamisi iliyopita, tukiwa tunakula, Baba alisema mvua zikiisha atanunua cherehani ya pili amkalishe Kaka. Kaka aliweka kijiko chini. Alisema hataki cherehani. Kuna mpima ardhi aliyemwahidi kazi katika mji mwingine, ya kumshikia mti wa kupimia, na humo atajifunza. Baba alimuuliza kama anaona aibu ya mkasi uliomlea. Kaka alisema si aibu. Baba akasema anayetoka kwa mlango ule siku ya kazi asijisumbue kumwambia amefika wapi.

Jumamosi ni siku ya kazi. Kaka aliondoka asubuhi. Tangu hapo Baba hajalitaja jina lake, wala hasemi "kaka yako". Tulikuwa tumevuka mia moja.

Ijumaa, 8 Machi
Mvua. 179, hakuna kitu. 181, hakuna kitu.

Jumapili, 10 Machi
Kaka amepiga simu alasiri, kwenye simu ya Mama. Mama alianza yeye: unakula, unalala wapi, paa linavuja, una sweta? Halafu akanipa mimi.

"Umefika wapi, Sisimizi?"

Ananiita hivyo kwa kuwa mimi ni mdogo na nabeba vitu vizito, hasa vitabu. Nilimwambia 211, baki 113. Yeye alikuwa 223. Tulizungumza hesabu mpaka vocha yake ikaisha, na kwa muda ule ilikuwa kama yuko upande wa pili wa meza, ila sikuweza kumwona akitafuna kucha.

Tulipokuwa tukiongea, cherehani ilikuwa kimya nyuma ya pazia. Nilipomrudishia Mama simu, ikaanza tena.

Jumatano, 13 Machi
Ninayekaa naye dawati moja tunamwita Redio, maana hana kitufe cha kuzimia. Leo amechungulia karatasi yangu akatangazia safu nzima kwamba wenzangu wanaandika barua za mapenzi na mimi nagawanya. Nilitamani kumjibu kitu. Jibu lilinijia nikiwa nimeshafika nyumbani, na sasa nimelisahau.

Ijumaa, 15 Machi
Jambo nililoligundua kuhusu namba yetu: ukiigawa kwa 2 inabaki moja. Kwa 3, moja. Kwa 4, moja. Kwa 6, kwa 11, kwa 12, kwa 13, moja, moja, moja, moja. Ingepungua moja tu ingegawanyika kwa zote hizo bila shida. Kila nyumba watu wanaingia na kuketi, na kuna mmoja yule yule anayebaki nje.

Nitamwambia Jumapili.

Jumapili, 17 Machi
Nimemwambia. Akasema, "Huyo mmoja ana mwavuli?" Nikacheka mpaka Mama akageuka. Yeye amefika 307. Mimi 281.

Wakati wa chakula cha jioni Baba alikuwa akimenya yai. Bila kuinua macho aliuliza, "Na hiyo namba ya cherehani yangu, imefika wapi?"

Nilimwambia upande wangu 281, na upande wa pili 307.

"Upande wa pili unakwenda mbio," alisema.

Mama alitazama sahani yake.

Alhamisi, 21 Machi
Mwalimu wa hesabu amenikuta maktaba nikigawanya. Aliuliza ni zoezi la nani. Nilimwambia si zoezi. Aliitazama namba kwa muda, akasema nimfuate ofisini, kompyuta itatoa jibu kabla sijavuta kiti. Nilisema asante, mwalimu, nitakuja kesho. Kesho sitakwenda. Sikujua mpaka leo kwamba silitaki jibu. Au nalitaka, ila nataka litoke kwenye simu ya Mama.

Jumapili, 24 Machi
Hakupiga.

Baba aliuliza namba imefika wapi. Nilisema sijui. Alisogeza kikombe chake, akakirudisha pale pale kilipokuwa, akaenda kushona. Baba hashoni Jumapili jioni.

Jumanne, 26 Machi
Leo katika kipindi cha historia nimeigawa kwa 359 ikaisha. Sifuri. Moyo ulinipiga hadi nikaona aibu, kana kwamba darasa zima linausikia. Kisha nikaogopa. Nilifikiria: nitampigia Kaka, nitamwambia nimepata, atanipongeza, halafu? Jumapili ijayo ataniuliza nini?

Nikairudia. Katika hatua ya mwisho nilikuwa nimenakili 3267 chini ya 3267 badala ya kuzidisha. Inabaki 36. Sijawahi kufurahi hivi kwa kukosea.

Jumapili, 31 Machi
Amepiga. Upepo ulikuwa mwingi kwake na alikuwa akiongea huku anapanda, alikuwa anahema. Alisema wako mlimani wanapima barabara na wiki iliyopita hakukuwa na mtandao. Nikamuuliza amefika wapi. "Mia nne tisini na tatu," alisema, na mtu akamwita, na akaenda.

Nilimpelekea Baba taarifa. Alisema, "Karibu mia tano," na akatikisa kichwa kama mtu anayesifu pindo lililonyooka.

Nilikuwa naosha vyombo ndipo nikasimama na sufuria mkononi. 493 si namba tasa. Ni 17 mara 29. Hakuna mtu anayegawa kwa 493. Ukishajaribu 17 huna haja nayo, na haiwezi kuwa kwenye orodha ya mtu anayefanya kazi yetu.

Jumatano, 3 Aprili
Siku tatu nimemtetea. Labda alikuwa amechoka. Labda alitaka kusema 491, lakini hiyo ni ya kwangu. Labda 487, au 503. Nimejaribu kuisikia tena sauti yake. Aliisema bila kusita, kama mtu anavyokwambia saa bila kutazama saa.

Ijumaa, 5 Aprili
Sasa nitaandika ninalofikiri, maana hakuna atakayesoma.

Nafikiri hafanyi. Nafikiri tangu aondoke hajagawanya hata namba moja. Ana mti wake wa kupimia na wenzake wapya na mlima, na Jumapili anakumbuka ana mdogo wake nyumbani anayependa namba, basi anachagua namba yoyote iliyo kubwa kuliko ya juma lililopita na kunipa, kama unavyomuuliza mtoto mwanasesere wake ameamkaje. Na mimi naipokea kwa mikono miwili na kumpelekea Baba. Baba anaitafuna usiku kucha. Hatuna kingine tunachokijua juu ya Kaka ndani ya nyumba hii ila namba hizo, na namba zenyewe ni za uongo.

Nilimuuliza Redio, kwa mbali, kama kaka yake anayefanya kazi mbali huwa anawakumbuka. Alisema wa kwao hupiga simu akitaka kuombewa tu. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuongeza neno. Alinipa nusu ya andazi lake.

Jumapili, 7 Aprili
Simu ilipolia nilimwomba Mama aseme nasoma. Mama aliniangalia sana, lakini alisema.

Jioni Baba aliuliza. Nilimjibu sikuongea naye. Alikuwa ameshamega mkate. Akaurudisha kwenye sahani.

Jumatatu, 8 Aprili
Baba ameshona mkono wa kushoto upande wa kulia, kwenye gauni la mwalimu mkuu. Mama anasema haijatokea tangu waoane. Ameufumua kimya kimya, uzi kwa uzi.

Jumapili, 14 Aprili
Nimeongea naye kidogo. Amefika 613, kwa madai yake. Walau hiyo ni tasa. Nilisema vizuri. Aliniuliza kama naumwa.

Baba: "Imefika wapi?"

Mimi: "Mia sita kumi na tatu."

Baba: "Anakaribia nusu ya safari?" Nilisema bado kidogo. Alionekana kufurahi kwamba bado.

Jumatano, 17 Aprili
Nimemaliza. Ya mwisho upande wangu ni 1579, na imebaki 786. Nusu yangu yote haina kigawo. Nilidhani nitasikia kitu fulani, lakini nimesikia mvua tu. Kama namba yetu inagawanyika, basi mahali pa kugawanyikia ni upande wake.

Jumamosi, 20 Aprili
Leo nimevunja sharti.

Baba alikuwa amekwenda kununua vitambaa na Mama yuko kazini zahanati. Nilikaa kwenye meza ya kukatia, mahali pa Kaka. Nilijiambia kwamba kama yeye hafanyi, nusu hiyo haina mwenyewe. Nilianza na 17. Baki 16. Halafu 23, 37, 43. Nilikuwa nagawanya kwa hasira na chaki ilikatika mara mbili. 97, 103, 107. Nilipiga hesabu kwamba itanichukua mpaka mwisho wa muhula, na nikaona ni sawa, nina muda mwingi na simsubiri mtu.

113, baki 27.

Kisha 127. Nilikuwa nimeshaandika mstari wa kugawia nilipoona kwamba sihitaji hata kuandika. Mia na ishirini na saba mara ishirini ni 2540. Namba yetu inaanza na 2541. Inabaki moja. Shusha tatu, kumi na tatu, haiingii. Shusha tisa, mia na thelathini na tisa, inaingia mara moja, inabaki kumi na mbili. Shusha saba. Mia na ishirini na saba ndani ya mia na ishirini na saba.

Sifuri.

Safari hii sikuwa nimenakili vibaya. Nilizidisha kurudi nyuma: 127 mara 20011 ni 2541397. Nikazidisha tena. Namba ya cherehani ya Baba si tasa, na haikuwahi kuwa.

Nilikaa muda mrefu. Kwanza niliona nimeshinda: kumbe kweli hakufanya, kwa sababu kama angefanya angeipata. Halafu nikaitazama tena ile hesabu. Ni nyepesi kuliko zote nilizofanya tangu mwezi wa kwanza. Mtoto mdogo angeiona. Kaka, anayejumlisha risiti za duka zikiwa zimepinduliwa kwake, hawezi kuipita 127 asiione. Na siku alipoondoka tulikuwa tumevuka mia moja. Tulikuwa tumekaa hapa hapa, mimi nikiwa na 149 yangu, na yeye upande ule.

Kwa hiyo kuna mawili. Ama hakuwahi kufika 127, hata alipokuwa mbele yangu akichora chaki. Ama alifika.

Baba alirudi, akanikuta hapo. Aliona chaki mezani. Aliweka vitambaa vyake kwenye kiti badala ya kunihamisha.

Jumapili, 21 Aprili
Alipiga alasiri kama kawaida. Mama aliuliza habari za chakula na sweta. Nilichukua simu na kusimama karibu na dirisha.

"Umefika wapi, Sisimizi?"

"Mia na ishirini na saba."

Nilisikia mvua ikipiga bati la kwake. Inanyesha huko pia.

"Hiyo ni ya upande wangu," alisema.

"Najua."

Hakukana. Nilikuwa nimejiandaa kwa kukana. Alisema aliiona zaidi ya wiki moja kabla ya kuondoka, akiwa ameketi mbele yangu, na akaifuta kwa mkono wa shati kabla sijainua kichwa. Nilimuuliza kwa nini. Alisema siku ile nilikuwa nimeng'ata ulimi pembeni kama ninavyofanya nikifurahi, na akaona aniachie jioni moja zaidi. Halafu moja nyingine. Halafu ikatokea Alhamisi ile, na Jumamosi yake.

"Ningekwambia imekwisha," alisema, "Jumapili tungeongea nini? Afya na mvua. Kama wageni."

Nilimwambia kwamba 493 ni 17 mara 29. Alicheka kwa sauti. Alisema siku ile alikuwa ameushika mti wa kupimia kwenye mteremko, na alitoa iliyomjia mdomoni. Aliuliza niligundua lini.

"Nikiosha vyombo, jioni ile ile."

"Maskini vyombo."

Nilitaka kukasirika na sikuweza. Nilimuuliza atarudi lini. Yeye akauliza Baba yuko wapi. Nilisema nyuma ya pazia.

"Mbona siisikii cherehani?"

"Huwa haishoni ukipiga simu."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

Nilisikia akivuta pumzi. Kisha alisema kuna mwenzake anataka kupita, na kwamba nimsalimie Mama, na akataka kusema jina lingine lakini hakulisema.

Niliporudisha simu, cherehani haikuanza. Nilipita pazia. Baba alikuwa amekaa, mguu juu ya kanyagio, futi shingoni. Hakusubiri chakula cha jioni safari hii.

"Imefika wapi?"

Ningeweza kusema 700 na kitu. Nimejifunza jinsi inavyofanyika. Lakini mimi nikidanganya masikio yangu hupata moto, na Baba anayajua masikio yangu.

"Imekwisha, Baba. Imegawanyika."

Aliniambia niandike. Nikaandika kwa chaki pembeni mwa meza: 127 mara 20011. Aliinama akaitazama mashine yake, namba kwa namba, kisha akatazama chaki, kana kwamba anapima kama vipande viwili vitatosha suti.

"Nani aliipata?"

"Yeye. Zamani."

"Zamani lini?"

"Kabla hajaondoka."

Baba alizungusha gurudumu la cherehani kwa mkono, taratibu, sindano ikashuka na kupanda bila kitambaa. Niliona akizipitia Jumapili zote, 223 na 307 na 493 na 613, na kuelewa kwamba hakuna hata moja iliyokuwa kweli, na zote zilikuwa simu.

"Kwa hiyo Jumapili ijayo ataulizwa nini?" alisema.

Nilitaka kumwambia amuulize mwenyewe. Nilitaka kumwambia simu iko mezani, vocha ipo, na upande wa pili kuna mtu aliyeshindwa kutaja jina. Badala yake nilisugua chaki kwenye kidole.

Baba aliinua uso.

"Namba zimekwisha?"

"Namba hazina mwisho, Baba."

"Basi mtafutie nyingine. Ndefu."

Nilimuuliza iwe na tarakimu ngapi. Alifikiri kwa makini, kama anavyofikiri mteja akimuuliza nguo itakuwa tayari lini.

"Weka nyingi," alisema. "Ila iwe ya kumalizika."